Tairi Lililobaki Zima

Mwenyekiti wa wafanyabiashara alisoma wasifu wa mjomba wangu kwa dakika tatu. Nilihesabu. Alizaliwa, akasoma kidogo, akatumikia jeshi miaka kumi na minne, akafungua biashara ya matairi, akajitolea kwa jamii. "Na katika kujitolea huko," akasoma, kidole kinafuata mstari, "marehemu alipoteza jicho lake la kushoto kwa kupigwa jiwe na mhalifu asiyejulikana."

Watu wakatikisa vichwa. Mama yangu, dada yake wa pekee, akalia kwa sauti.

Mimi nilikuwa nimesimama kando ya kaburi nimekaza meno mpaka taya zinauma. Kwanza, huyo mwenyekiti mwenyewe siku ile alikuwa na rungu mkononi. Pili, mhalifu anajulikana. Ni mimi. Na mama alikuwa hajui.

Basi ngoja nimseme mjomba kama alivyokuwa, halafu nitakwambia nilichofanya pale kaburini.

Kila mtu alimwita Koplo. Mfupi, shingo nene, mguu wa kushoto anauburuta kidogo. Kwenye paja alikuwa na vyuma vya bomu la ardhini. Madaktari wa jeshi walitoa walivyoviona, vingine wakaviacha. Kila baada ya miaka miwili mitatu kipande kinajitokeza chenyewe kwenye ngozi kama mbegu inayoota. Koplo anakaa kwenye benchi, anakunja suruali, anakibana na plaizi, anavuta. Damu inamchuruzika mpaka kwenye kiatu. Kile kipande anakitupa kwenye kopo la misumari tuliyong'oa kwenye matairi ya watu.

"Chuma ni chuma," anasema. "Tofauti ni barabara tu."

Biashara aliianza na pampu ya mguu na beseni la maji la kutafutia pancha. Alivyokufa tulikuwa na kompresa mbili, jeki tatu za lori na mafundi watano. Kazi ya matairi watu wanaidharau, lakini inaua. Rimu ya lori ina pete ya chuma. Ukiijaza upepo kabla haijakaa sawa inaruka, na ikiruka haiulizi huyu ni mtoto wa nani. Fundi wetu mmoja ilimpiga tukiwa wote tunaangalia. Kidevu kikahama upande. Koplo alimkamata kabla hajaanguka, akamfunga taya na kipande cha tyubu, akambeba mpaka kwenye gari huku anamwambia, "Usijibu, bwana. Leo ni zamu yangu ya kuongea."

Mimi alinichukua kazini nina miaka kumi na tisa, baada ya kufukuzwa sehemu tatu kwa kupigana. Akaniita Msumari.

"Kazi yako kutoboa wenzako," alisema. "Njoo huku utoboke na wewe."

Wateja walikuwa wanamtania. "Koplo, lori zima unampa msichana?"

"Mnyang'anye hiyo spana," anajibu, "halafu uniambie vidole vyako vimebaki vingapi."

Pale kazini kulikuwa na sheria moja tu ambayo ukiivunja unafukuzwa siku hiyohiyo. Hakuna tairi bovu linalobaki zima. Tairi likishatolewa kwenye gari na kuonekana halifai, kabla hujanywa hata maji unachukua kisu kirefu, unakichovya kwenye maji ya sabuni ili mpira usikishike, unalichana. Vipande tuliwauzia mafundi vitanda na watu wa matrela. Mteja akitaka tairi kuukuu zima, hata awe na sababu gani, hapewi.

Sababu ya sheria hiyo aliniambia Kinyozi, jirani yetu ambaye duka lake limepakana na letu. Mwaka wa pili wa biashara, mimi bado mtoto, watu walimkamata kijana mmoja hapo kona wakisema ameiba redio. Koplo alikuwa ndani anaziba tyubu. Alisikia kelele, akadhani ni mechi ya mpira. Baadaye akasikia harufu. Mtu aliyekaa na matairi anajua harufu ya kila aina. Akatoka, akahesabu rundo lake la nje, akakuta moja halipo. Alivyofika kona kijana alikuwa ameshanyamaza, na waya za tairi zinawaka zimemzunguka kifuani.

"Alirudi hapa," Kinyozi aliniambia, "akashika kisu. Alichana matairi arobaini na kitu. Viganja vilitoka nyama. Nikamwambia Koplo inatosha, akaniangalia kama hanijui."

Kuanzia siku hiyo ndipo alipoanza hicho mwenyekiti alichokiita kujitolea kwa jamii. Ukisikia "mwizi! mwizi!" mtaani, Koplo anaacha hata gari lililo juu ya jeki, anachukua filimbi yake ya jeshi, anatoka anaburuta mguu. Anapenya kwenye kundi, anamsukuma aliyekamatwa kwenye ukuta, anasimama mbele yake. Halafu anaanza kuita watu mmoja mmoja, kama wanavyoitwa wanajeshi gwaride la jioni.

"Kinyozi!"

Na wewe ukiitwa lazima uitike "nipo". Usipojibu anaita tena, na tena, mpaka watu wote wakugeukie.

"Nipo, Koplo."

"Hilo tofali unakwenda kumnyoa nani?"

Watu wanacheka. Mtu akishacheka mkono unashuka. Anaita wa pili. "Fundi cherehani! Nakuona, usijifiche nyuma ya mkeo, hatoshi kukuficha." Anaita wa tatu. Alikuwa anawajua wote, magari yao, baiskeli zao, hata mikokoteni yao. Akifika wa kumi, kundi limekwisha. Limebaki watu wanaoona haya, kila mmoja na jina lake. Wasiofahamika wanaondoka wenyewe, maana hawapendi kubaki peke yao.

Si kwamba hakupigwa. Alivunjwa mbavu, mara mbili. Aliwahi kuchomwa bisibisi begani na mtu ambaye alikuja kesho yake kujazwa upepo, na alijazwa. Lakini kwa miaka kumi na tisa hakuna aliyeuawa kwenye mtaa wetu akiwepo yeye.

Sasa siku yangu.

Ilikuwa asubuhi, saa nne hivi. Koplo alikuwa ameenda stoo ya mjini kuchukua tyubu. Mimi nilikuwa nimetoka kushusha tairi la mbele la lori, limekwisha mpaka waya zinaonekana. Nilishashika kisu. Mke wa fundi cherehani akaja anakimbia, kanga inamdondoka.

"Msumari! Mama yako! Wamemuua mama yako!"

Nikatupa kisu. Nikakuta mama amelala kwenye njia panda, mguu umegeuka vibaya, kisigino kinaangalia kusikotakiwa. Jamaa alikuwa amempora pochi akiwa juu ya pikipiki. Mkanda ulimkaba mama mkononi, akaburutwa mpaka kwenye ukingo wa mtaro na nyonga ikagonga zege. Alikuwa hapigi kelele. Alikuwa anasema tu, "Viatu vyangu viko wapi? Niangalieni viatu vyangu."

Wanawake wakamshika. Mtu akasema pikipiki imeteleza, jamaa amekamatwa nyuma ya duka la rangi. Nikaondoka. Sikumbuki kukimbia. Nakumbuka nimefika.

Hakuwa amesingiziwa. Pochi ya mama ilikuwa ndani ya shati lake. Mtu wa miaka thelathini hivi, shati la njano. Nilimpiga mimi kwanza, na kiatu cha kazini, mdomoni, nikasikia meno yanaachia. Nikampiga tena. Wakaingia na wengine. Kinyozi alikuwepo, fundi cherehani alikuwepo, mwenyekiti na rungu lake alikuwepo, na wengine wengi. Mtu akipigwa na watu wengi hapati hata nafasi ya kuanguka. Anasukumwa huku, anapokelewa huku. Shati la njano likawa rangi nyingine. Alikuwa anasema, "Dada, nisamehe, dada," ananiambia mimi, na kila akisema mimi nasikia mama anauliza viatu.

Halafu sauti ikatoka nyuma, "Tairi! Leteni tairi!"

Na mtu akanigeukia. "Msumari, kwenu si ndiko kwenye matairi?"

Yote yalikuwa yamechanwa. Isipokuwa lile moja.

Nilirudi kulichukua mwenyewe. Nisikudanganye hapa. Sikutumwa, sikushikiwa kisu. Niliinua tairi la lori peke yangu, nikalibingirisha katikati ya barabara, magari yananipisha. Watoto wakashangilia. Nililisukuma kwa viganja, nikiona waya zinanichana na sisikii maumivu, na nilikuwa na furaha. Ndiyo, furaha. Nisiposema hilo sijasema kitu.

Koplo alirudi mara baada ya mimi kuondoka. Akakuta kisu chini na beseni la sabuni, na tairi halipo. Hakuuliza mtu. Nilivyofika nyuma ya duka la rangi na tairi langu nikasikia filimbi.

Akapita katikati yetu kama kawaida yake. Akamwinua yule jamaa kwa ukosi, akamwegemeza ukutani, akasimama mbele. Alikuwa anahema. Akanitazama mimi, akalitazama tairi. Akaanza kuita.

"Kinyozi!"

"Koplo leo usiingilie! Huyu amemvunja dada yako!"

"Kinyozi!"

"...Nipo."

"Weka chini."

Akaweka.

"Fundi cherehani! Mwenyekiti! Baba Pacha, ina maana duka lako la mihuri umemwachia nani? Hao mapacha watakula mihuri yako yote."

Mtu akacheka kwa pua. Nilisikia kundi linalegea kama tairi lenye pancha ndogo, ile ambayo huioni mpaka uitie kwenye maji. Aliita watu ishirini na zaidi. Wote waliitika. Alimwita hata mzee wa duka la rangi, ambaye alikuwa dirishani tu anaangalia.

Mimi hakuniita.

Nilisimama pale nasubiri. Mkono mmoja tairi, mkono mmoja nusu tofali nililookota pale. Nilikuwa nimeshajiandaa kumtukana akiniita. Macho yake yakapita juu yangu, yakaenda kwa mwingine. Mara mbili. Damu ikanipanda. Mimi ndiye ambaye mama yake yuko kwenye mtaro, wote wanaitwa, mimi sihesabiki?

Nikarusha. Nilimlenga yule wa njano. Koplo akasogea kumkinga.

Tofali likipiga jicho halitoi sauti kubwa. Ni kama yai kwenye ukingo wa sufuria. Alikwenda chini kwa goti moja, mkono usoni, na kati ya vidole kikatoka kitu ambacho si damu tu. Kila mtu akakimbia. Mwenyekiti alitupa rungu lake kwenye mtaro, na tangu siku hiyo hakuna aliyesema aliona, maana kila mmoja alikuwa na lake la kuficha. Tukabaki watatu: mimi, yeye, na mwizi ambaye alikuwa hawezi kukimbia.

"Msumari," akasema Koplo, ananitafuta na jicho lililobaki. "Nenda kwa mama yako. Sasa hivi."

Polisi waliwapandisha wote wawili gari moja, wamelala sambamba, damu zao zinatelezesha sakafu moja. Yule jamaa alipona, akafungwa miaka mitano. Hajawahi kuja kushukuru, hata msibani hakuonekana. Usimngoje, hayumo tena humu.

Hospitali askari alimuuliza Koplo nani alirusha.

"Sikuona," akasema. "Jicho la kuonea ndilo lililopigwa."

Askari akafunga daftari. Mimi nilikuwa mlangoni na chupa ya chai. Alivyotoka yule askari nikaiweka chini.

"Mjomba. Ni mimi."

"Najua. Unarusha kama mama yako, kiwiko nje. Tangu utotoni nimekuwa nikikwepa mawe ya namna hiyo."

Nilitaka anipige. Ningejua la kufanya. "Mbona hukuniita? Uliwaita wote!"

 Bandeji ilikuwa imefunika nusu ya uso.

"Nilidhani wewe huna haja ya kuitwa," akasema. "Nikasema huyu ni wa nyumbani, akiniona tu atashusha mkono. Hilo ndilo kosa langu, Msumari. Wa kwanza kuitwa alitakiwa awe wewe."

Ndipo akaniambia kitu ambacho hakuna wasifu ulioandika. Vitani walikuwa kumi na wawili. Walimkamata mtu na redio ya mawasiliano, kamanda akasema ni jasusi, na kwamba risasi ni chache. Kila mmoja ampige mara moja na kitako cha bunduki, kwa zamu, ili asitokee wa kusema ameuawa na fulani.

"Mimi nilikuwa wa saba," Koplo akasema. "Mpaka leo sijui kama nilipiga mtu au nilipiga maiti. Hakuna aliyetaja jina la mwenzake pale. Kama mtu angeniita, labda ningeshusha bunduki. Labda. Sina hakika, nisikupambie."

Nikalia kwa hasira, maana mimi nikilia huwa nimekasirika.

"Mama yako usimwambie nikiwa hai," akasema. "Ana nyonga ya kuuguza, asiuguze na hili. Nikifa, sema unavyotaka. Au usiseme. Lakini usiache mtu mwingine aseme kwa niaba yako."

Aliishi miaka sita zaidi na jicho moja. Aliendelea kwenda kila akisikia kelele, na kila mara, kabla ya Kinyozi, kabla ya mtu yeyote, alianza kwa kuita, "Msumari!" Hata kama sipo karibu. Hata kama nilikuwa chini ya lori. Nilikuwa naitika "nipo" kutoka huko huko, grisi mdomoni. Watu wakadhani ni utani wetu. Mapafu ndiyo yaliyomuua mwishoni, vumbi la mpira na moshi wa gundi.

Sasa turudi kaburini.

Mwenyekiti alikunja karatasi yake, akauliza kama kuna mwenye neno la mwisho. Nikapanda juu ya lundo la udongo.  Mama alikuwa mbele kabisa, ameegemea fimbo yake. Nikaacha kumwangalia.

"Kinyozi!"

Akashtuka. "Nipo!" Ilimtoka kwa mazoea. Watu wawili watatu wakacheka.

"Siku Koplo alipotolewa jicho, ulikuwa na nini mkononi?"

 Akatazama kaburi. "Tofali," akasema.

"Fundi cherehani!"

"Nipo. Mimi... mimi nilipiga mateke."

"Mwenyekiti!"

Akajifanya anaikunja upya karatasi yake.

"Mwenyekiti!"

"Hapa ni msibani, wewe mtoto huna adabu—"

"Mwenyekiti!"

Kila mtu akamgeukia. Akaisokota ile karatasi mikononi. "Nipo," akasema, sauti ndogo. "Rungu."

"Msumari!" nikaita, na nikajiitikia mwenyewe. "Nipo. Tairi nililibingirisha mimi. Na hilo jiwe lenu, nusu tofali, nililirusha mimi. Si mhalifu asiyejulikana. Ni mimi, mpwa wake."

 Vijana wa nyuma, waliokuwa wakimpenda Koplo, wakaanza. "Kumbe ni yeye! Alimpofusha mzee halafu akala kwake miaka sita!" Mmoja akanivuta mguu, nikaanguka chali kwenye udongo. Teke la kwanza likaniingia mbavuni. La pili sikuliona lilikotokea. Sikujikinga. Nilikuwa naangalia juu, naona viatu, na naona fimbo ya mama inakuja kati ya viatu.

Wakampisha. Akasimama juu yangu, nyonga yake imepinda upande, fimbo ameiinua kwa mikono miwili. Uso wake sikuujua. Mwanamke huyu amenilea, na sikuujua.

Na nyuma yake sauti ikaita, ya Kinyozi, nyembamba:

"Mama Msumari!"

Fimbo ikasimama hewani.

"Mama Msumari!"

Midomo yake ikacheza. Alikuwa ananiangalia mimi lakini anamsikia kaka yake.

"Nipo," akasema.

Halafu akanipiga. Mara moja, begani, kwa nguvu zake zote, mfupa ukalia. Bado haujaunga vizuri, na siku za baridi nashindwa kuinua jeki. Vijana wakarudi nyuma wenyewe. Hakuna aliyeongeza.

Mama akabaki anahema. Fimbo ilikuwa imevunjika katikati. Akaangalia kipande kilichobaki mkononi, akakitupa kwenye udongo wa kaburi.

"Inuka," akasema. "Umenivunjia fimbo. Unadhani nitafikaje nyumbani?"

Nikainuka. Akanishika mkono, ule mzima, akaniegemea uzito wake wote, tukaenda.